Twiga wa Malindi Alipitia Barking

Ndiyo, ni mimi. Yule msichana kwenye picha aliyemkumbatia twiga ndani ya treni, mdomo wazi kama mlango wa msikiti siku ya Ijumaa, ni mimi, na mdomo ulikuwa wazi kwa sababu nilikuwa nagombana na mtu. Tangu Jumamosi simu yangu haijapumzika. Kila mmoja wenu anauliza swali lile lile kisha anaongeza kile kikatuni cha kucheka machozi. Basi naandika mara moja, someni wote, na atakayeniuliza tena nitamtumia Bibi yangu nyumbani kwao.

Lakini mkasirike pamoja nami. Najua mtacheka, nyinyi hamna huruma, ila katikati ya kucheka mkumbuke kukasirika.

Kabla ya kutoka: mwaka wenyewe

Mwalimu wetu wa historia, Bi Whitlow, aliamua kwamba ukumbi wa shule ugeuzwe kuwa mwaka mmoja. Mwaka 1415. Ukuta mzima: waliozaliwa, waliokufa, yaliyotokea. Kila tukio lina kibao chake kilichoandikwa, na mbele ya kibao kuna meza au nafasi ya kuweka kitu cha kuonyesha. Jumamosi wazazi waje, wale, wasifu, warudi makwao.

Mwaka si mbaya, ukiutazama. Huko Austria alizaliwa mtoto aliyekuja kuwa Kaisari. Alikufa malkia wa Ureno, mtoto wa Kiingereza, kwa tauni, na msiba haujapoa mumewe na wanawe wakapanda meli kwenda kuuteka mji wa Ceuta, Afrika Kaskazini. Padri mmoja wa Bohemia alichomwa moto kwa kusema anachoamini kwa sauti kubwa, kosa ambalo hata shuleni kwetu lina adhabu. Halafu Agincourt. Jamani, Agincourt! Waingereza na Wafaransa wanauana kwenye matope. Upinde ukapata nafasi yake. Mshale ukapata nafasi yake. Matope, wallahi, matope yalipata nafasi yake, kwenye beseni.

Mimi nikanyoosha mkono nikasema kwamba mwaka huo huo watu wa Malindi walimpeleka twiga kwa Mfalme wa China. Hai. Kwa bahari.

Darasa likaanguka kwa kicheko. Bi Whitlow akavua miwani. "Mwanaisha, leo si siku ya mzaha."

Nani alisema mzaha? Mimi nikitania huwa nafanya kazi nzuri zaidi ya hiyo. Basi akaenda kusoma, na kesho yake akaja amepoa. Akasema ni kweli, yameandikwa, Wachina wenyewe walimwandika. Nikasimama nikainama kwa darasa zima. Akasema nikae. "Lakini bila kitu cha kuonyesha hupati nafasi. Kilete kabla wazazi hawajaingia Jumamosi, la sivyo nafasi nampa Callum." Callum ndiye aliyeleta mshale. Kumbe alikuwa na mshale wa pili.

Yaani safari yote ya twiga, kutoka Malindi mpaka China, ishindwe na mshale wa akiba!

Nyumbani nikadhani nitapata watu wa kunitetea. Bibi amezaliwa Malindi, amekulia Malindi, akiumwa na baridi ya Lewisham hapa London huitukana kwa lafudhi ya Malindi. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Twiga apande meli? Ale nini huko baharini? Na hiyo shingo aiweke wapi? Mwanaisha, nenda kaoshe sahani."

Basi hapo ndipo nilipokuwa. Mwalimu ameamini lakini hataki. Bibi angetaka lakini haamini. Na Callum ananoa mshale.

Lewisham hadi Walthamstow

Mama ndiye aliyekumbuka twiga wa Ramesh Bhai. Mnamjua Ramesh Bhai hata kama hammjui: mzee mwenye duka karibu na soko la Walthamstow, anauza viungo, vitambaa, masufuria na kila kitu kingine. Kwao walikuwa na duka Malindi, nyumba ya tatu kutoka kwa Bibi. Mlangoni mwa duka lake amesimama twiga wa mti, mrefu kunishinda kwa kichwa kizima, amechongwa na fundi aliyekuwa na mapenzi na masikio. Mama akapiga simu, Ramesh Bhai akasema njooni mumchukue.

Hapo ningefurahi, lakini mama alikuwa hajakata simu vizuri akaanza. "Kwa kuwa unakwenda Walthamstow, pita sokoni unichukulie muhogo. Na kwa kuwa unarudi, pita Barking kwa Shangazi yako Zeyana, amekaanga mahamri ya maonyesho."

"Mama, Barking haiko njiani."

"Iko njiani ukitaka iwe njiani."

Tazameni ramani. Kutoka Walthamstow kuja Lewisham kwa kupitia Barking ni kama kutoka Mombasa kwenda Malindi ukapitia Voi. Lakini watu wazima wa kwetu wana ramani yao, na katika ramani hiyo kila nyumba yenye jamaa iko njiani.

Nikapewa Feisal, mtoto wa ami yangu, tuko umri mmoja, awe wa pili kubeba. Feisal anakisikia Kiswahili chote, hata kile cha kusengenya, lakini hujibu kwa Kiingereza tu. Maneno yake hapa nimemtafsiria, na nimemfanya mwerevu zaidi kidogo kuliko alivyo. Njia nzima ya kwenda alikuwa akiuliza swali moja: "Kwa nini usipeleke picha tu?"

"Callum ameleta picha?"

"Callum ana mshale."

"Basi nyamaza."

Tulishuka mwisho wa reli, tukatokea sokoni. Lile soko halina mwisho, ni kama mtu aliangusha utepe wa vibanda akasahau kuuokota. Muhogo tukapata, mzito kama maiti. Muuzaji akatuuliza tunakwenda kupika nini, Feisal akasema tunakwenda kuchukua twiga, muuzaji akatuongeza muhogo mmoja wa bure kwa huruma.

Dukani kwa Ramesh Bhai

Nilitaka tuchukue tuondoke. Nani alinidanganya kwamba kwa Ramesh Bhai mtu huchukua akaondoka? Tulikalishwa juu ya magunia ya mchele. Ikaja chai. Zikaja bhajia. Nikasema tumechelewa, zikaja bhajia nyingine.

"Haya, niambie," akasema Ramesh Bhai, "twiga wangu anakwenda kufanya kazi gani?"

Nikamweleza yote, Malindi, China, 1415, nikingoja acheke. Hakucheka. Akakuna kidevu akauliza, "Nani alimlisha njiani?"

"Sijui."

"Lazima kulikuwa na mtu wa majani. Na mtu wa maji. Safari hiyo si ya wafalme peke yao, mfalme hajui kulisha hata kuku." Akatikisa kichwa. "Na kila bandari waliyopita, mtu aliwaambia, kwa kuwa mnakwenda huko, nipelekeeni na hiki."

Jamani, nilitaka kumbusu. Mtu wa kwanza kuniamini, na ameamini kwa sababu ya nauli na majani, mambo ya duka.

Kisha naye akafanya yale yale. Akaleta chupa iliyofungwa kwa gazeti na utepe mpaka haionekani ni chupa. "Hii mpe Zeyana." Kisha akanipa maneno ya kusema nikifika. Maneno hayo mimi sikuyasikia vizuri, nakiri hapa bila aibu, kwa sababu wakati huo huo Feisal alikuwa mlangoni amebanwa kati ya twiga na rafu ya masufuria, na sufuria zilikuwa zimeanza kushuka moja moja. Nikasema "ndiyo, ndiyo, nitamwambia," nikakimbilia sufuria.

Twiga akatoka dukani na mifuko ya muhogo shingoni. Wazo la Ramesh Bhai hilo. "Shingo yote hiyo mnaiacha bure?"

Walthamstow hadi Barking

Kuna treni inayotoka Walthamstow ikaenda moja kwa moja Barking, nasema kweli, dunia nzima iko upande wa mama yangu. Getini mfanyakazi wa stesheni, kijana mwenye koti la rangi ya chungwa, akatutazama kuanzia kwato kwenda juu. Alichukua muda kufika masikioni.

"Anakunjwa?" akauliza.

"Nini?"

"Baiskeli zinazokunjwa zinaruhusiwa muda wote. Huyu anakunjwa?"

"Kaka, huyu ni twiga."

"Naona. Nauliza kama anakunjwa."

Nikamwambia twiga wa kwanza alikwenda mpaka China bila kukunjwa. Feisal akafunika uso. Yule kijana akafikiri, akafungua geti pana la mikokoteni ya watoto, akasema, "Mshikilieni tu asimwangukie mtu."

Ndani ya treni tukamsimamisha pembeni, mimi nimemkumbatia shingo, Feisal miguu. Bibi mmoja mwenye kikapu cha magurudumu akaniuliza kwa adabu kama twiga angependa kukaa. Nilimpenda. Lakini kando yake alikuwa mwanamume mwenye koti la heshima, na huyo ndiye aliyeniharibia picha.

"Ni wa maonyesho ya shule?" akauliza.

Nikamweleza. Akatabasamu lile tabasamu la watu wanaojua. "Haiwezekani, binti. Mnyama wa namna hiyo hawezi kustahimili bahari. Nadhani ilikuwa ni mchoro wa twiga."

Mchoro! Walivuka bahari nzima kupeleka mchoro!

Nikafungua mdomo. Nikamwambia kama Wachina walipokea karatasi wakaiita mnyama, basi tatizo ni la macho. Nikamwambia watu wa mwaka huo walimchoma padri hai na hilo anakubali liliwezekana. Nikamwambia na mengine ambayo Feisal alikataa kuyasikia. Hapo ndipo mtu akapiga picha. Sasa mnajua. Yule bibi wa kikapu alikuwa upande wangu, alikuwa akiitikia kwa kichwa kila nikivuta pumzi.

Barking: nyumba ambayo haina haraka

Shangazi Zeyana anakaa ghorofa ya pili, na lifti ilikuwa na mtu anayehama na sofa lake. Tukampandisha twiga kwa ngazi. Kila kona ilitaka tumgeuze, na kila tukimgeuza muhogo ulinipiga goti.

Shangazi akafungua mlango, akamwona twiga kabla yetu, akasema "Bismillahi!" na kurudi nyuma. Kisha akatuona. Tukamwamkia, tukabusu mkono. Nikatoa ile chupa haraka haraka nikamnyooshea.

"Shangazi, mzigo wako huu. Tunachukua mahamri, tunakimbia, mlango wa ukumbi unafunguliwa."

Hakuupokea. Mikono yake ikabaki kifuani. "Umetoka kwa nani?"

"Kwa Ramesh Bhai."

"Anasemaje?"

"Anakusalimu."

"Anasemaje, Mwanaisha?"

Nikatafuta kichwani, kichwani kukajaa sufuria. Nikaanza kutunga. Mnanijua kwa kutunga. Nikasema anakutakia afya na maisha marefu na…

"Acha." Shangazi akainua kidole kimoja. "Ramesh hasemi hivyo, hayo ni maneno ya kadi. Mzigo bila salamu zake ni kitu kilichookotwa. Mimi siokoti vitu."

"Shangazi, wallahi umetoka kwake, harufu yake ni ya duka lake!"

"Basi mpigie akukumbushe."

Nikapiga. Simu ikalia dukani mpaka ikachoka. Jumamosi, wateja, mtu mmoja dukani. Nikapiga tena. Nikamwona Callum machoni mwangu akiweka mshale wa pili, akiusogeza kidogo kushoto, akirudi nyuma kuutazama. Nikamwambia Shangazi, kwa heshima lakini kwa sauti, kwamba nafasi yangu inakwenda, kwamba nimebeba twiga nusu ya London, kwamba chupa ni chupa. Akanijibu taratibu kabisa, "Na mtu ni mtu. Haoni kilichofungwa ndani ya gazeti. Anasikia kilichosemwa."

Kisha nikasikia Kiswahili nyuma yangu.

Ilinichukua muda kujua ni nani. Sauti ilikuwa ya Feisal lakini Feisal hana Kiswahili mdomoni. Alikuwa amesimama nyuma ya twiga, anatazama sakafu kama mtoto anayesomeshwa Kurani, akiyatoa maneno moja moja jinsi yalivyotoka kwa Ramesh Bhai, hata ile pumzi ya katikati.

"Imetoka kwa mama yake Ramesh. Ndimu amezikata mwenyewe, kwa mkono wake. Anakusalimu sana. Anasema… anasema sasa huna haja ya kuruka ukuta."

Shangazi Zeyana alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe alipokuwa mdogo Malindi alikuwa akiruka ua wa kina Ramesh kuiba achari ya ndimu iliyoanikwa juani, na mama yake Ramesh alikuwa akimwona kila siku akajifanya haoni. Akaipokea ile chupa kwa mikono miwili. Kisha akacheka tena, lakini safari hii ikawa si kicheko.

"Tumezipokea," akasema. Akamfuata Feisal nyuma ya twiga akambusu kichwani.

Nikamnong'oneza Feisal, "Kwa nini hukusema kwa Kiingereza?"

"Hakunipa kwa Kiingereza," akajibu. Kwa Kiingereza.

Mnadhani baada ya hapo tuliondoka? Mtu aliyeleta salamu kama zile haondoki bila kula. Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mimi nilikula kwa hasira, mara mbili.

Barking hadi Lewisham, chini ya mto

Sasa twiga alikuwa na muhogo shingoni, sinia la mahamri limefungwa mgongoni kwa leso ya Shangazi, na mfuko wa tambi za kukaanga wa "mama yenu, mwambieni ni zile alizoniomba Idd, na mwambieni sikusahau, nilikuwa sina mafuta." Hizo salamu nilizirudia mdomoni mpaka Limehouse.

Limehouse lazima ubadili treni, na pale kuna ngazi. Mama mmoja wa Kisomali alikuwa chini ya ngazi hizo hizo na mkokoteni wa mapacha. Tukatazamana. Yeye akashika kichwa cha twiga, mimi nikashika mbele ya mkokoteni, Feisal akashika nyuma ya kila kitu, tukapanda. Juu akaniuliza anakwenda wapi. Nikasema China. Akasema, "Inshallah mfike salama," akaenda zake. Huyo hakuuliza kama inawezekana kisayansi.

Ile treni ndogo ya kwenda Lewisham haina dereva, mnaijua. Tukapata kiti cha mbele kabisa, penye kioo, tukamsimamisha twiga pale. Watoto wakaja mmoja mmoja kumwangalia. Mmoja akamuuliza baba yake kama ndiye anayeendesha. Baba akatazama, akafikiri juu ya swali, akasema, "Leo, ndiyo."

Kisha treni ikaingia ardhini kupita chini ya Mto Thames. Kukawa giza, taa za handaki zikimpiga twiga usoni, zinapita, zinampiga. Nilikuwa nimechoka na hasira zangu zikapumzika kidogo. Nikamfikiria yule wa kweli. Giza la ndani ya meli. Maji pande zote. Na kando yake mtu wa majani, ambaye hayumo kwenye kitabu chochote nilichosoma, anamwambia kwa Kiswahili cha kwetu atulie, tunakaribia, hata kama haoni chochote.

"Unalia?" akauliza Feisal.

"Ni vitunguu vya samaki."

"Tulikula kitambo."

"Feisal, shika miguu."

Ukumbini

Tuliingia wazazi wameshajaa. Mshale wa pili wa Callum ulikuwa kwenye nafasi yangu, umelazwa juu ya kitambaa chekundu kama mgonjwa. Nilisimama tu na twiga, na muhogo, na mahamri, watu wakaanza kugeuka, kuanzia mlangoni kwenda ndani.

Bi Whitlow akaja mbio. Nimpe haki yake: alifurahi. Akashika mashavu, akasema ni mzuri ajabu, akamwambia Callum auondoe mshale. Callum akauondoa kwa uso wa Mfaransa aliyeshindwa Agincourt. Twiga akasimama mahali pake. Nikashusha pumzi niliyoishika tangu Walthamstow.

Kisha Bi Whitlow akaleta kibao alichokwisha kuchapisha, akakibandika ukutani juu ya masikio. Nikasoma.

*1415. Twiga awasili China. Apokewa na Mfalme kama mnyama wa heri.*

Nikasoma tena, labda kuna mstari wa pili. Hakuna.

"Bi Whitlow, ametoka wapi?"

"Nani?"

"Twiga. Hapa ni kama ameota ghafla pale pale bandarini."

Akasema vibao vimepangwa kwa falme, hii ni sehemu ya China, nafasi ya maneno ni ndogo, na kila mtu anajua twiga wanatoka Afrika. Alisema kwa upole, huo ndio ubaya wake. Ukipingwa kwa upole huna hata pa kushika. Nilibaki nimeshika fundo la leso ya Shangazi mgongoni mwa twiga.

Wakati huo Bibi akafika, amevaa buibui lake zuri, na mama nyuma yake. Akamtazama twiga kwato hadi masikio, akatikisa kichwa kuona muhogo. Akanionyesha kibao kwa kidole. "Kumeandikwa nini?"

Nikamsomea kwa Kiswahili.

"Na aliyemtuma?"

"Hajatajwa, Bibi."

"Hajatajwa popote?"

"Popote."

Mimi nilitegemea aniambie twende tukale. Lakini uso wake ulibadilika, ule ule wa Shangazi mlangoni, nikajua Shangazi aliurithi wapi. "Niitie mwalimu wako."

"Bibi, wewe mwenyewe ulisema ni uongo. Ulinituma sahani."

"Nilisema hivyo kabla sijaona jina limekatwa. Kitu ambacho hakikuletwa hakikatwi jina la mletaji. Muite."

Bi Whitlow akaja. Bibi akaanza kusema na mimi nikatafsiri, na nyinyi mnanijua, nafasi kama ile nimeingoja maisha yangu yote, ningeweza kumwambia mwalimu wangu lolote na kumsingizia Bibi. Sikuongeza hata neno. Jamani, hata mimi nilijishangaa.

"Mwambie namshukuru kwa kumpa mtoto nafasi. Mwambie kwetu mzigo haupokewi peke yake. Mzigo unafika na salamu: umetoka kwa nani, na anasemaje. Wakiupokea mzigo wakaacha salamu, huo mzigo wameuokota. Sasa muulize, huyu mfalme wao aliletewa, au aliokota?"

Bi Whitlow akakitazama kibao chake. Kisha akatoa kalamu nene mfukoni na kuniuliza herufi za Malindi, nikamtajia, akaandika kwa mkono chini ya maandishi yaliyochapishwa, herufi kubwa zinazopanda mlima: *Ametumwa na watu wa Malindi.*

Nikadhani yamekwisha. Bibi akasema, "Vizuri. Lakini salamu hazisomwi."

Akasogea mpaka kando ya twiga, akaweka mkono kwenye shingo yake, akageukia ukumbi mzima, wazazi na sahani zao, akasema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara:

"Asalaam aleikum. Twiga huyu ametoka Malindi. Waliomtuma wanawasalimu."

Nikatafsiri. Watu wakatazamana, mmoja akaanza kupiga makofi akaacha. Bibi hakuondoka. Alikuwa anangoja. Nikamnong'oneza Bi Whitlow neno, nikamkatia vipande vipande, na mwalimu wangu wa historia, masikio yamemwiva mekundu, akasema mbele ya watu wote:

"Tu-me-zi-po-kea."

"Basi," akasema Bibi, na hapo ndipo mahamri yalipofunguliwa.

Alichukua moja, akaanza kuukagua ukuta. Akapita kwa malkia wa Ureno, akamwombea. Akapita kwa yule mtoto wa Austria, akauliza alinyonyeshwa na nani, hatukujua. Akasimama mbele ya Callum, ambaye alikuwa ameshika mshale wake wa pili, hana pa kuuweka.

"Na huu je?"

"Mshale, Bibi. Kutoka kwa Waingereza, kwenda kwa Wafaransa."

"Ulifika na salamu gani?"

Nikamtafsiria Callum, neno kwa neno, bila kutania. Callum akautazama mshale upande huu, akaugeuza upande wa pili. Mwisho akasema itabidi aende akaangalie kitabuni.